Nani Atuchagulie Nyimbo?

Zamani, ndugu msikilizaji, tulipeleka kadi za salamu Radio Tanzania Dar es Salaam, tukaomba wimbo, tukasubiri. Julai 2015 kampuni ya Spotify, iliyoanzishwa Uswidi mwaka 2006, ilianza kumpangia kila msikilizaji nyimbo 30 kila Jumatatu, kwa kulinganisha azipendazo na orodha za wenzake. Mwaka 2021 huduma hiyo ikafika Kenya na Tanzania. Mimi siipingi, imenijulisha wanamuziki wengi. Lakini kompyuta huchagua kutokana na kilichomo tu. Kanda ya bendi ya miaka ya 1970 iliyobaki kabatini, hakuna kijana atakayependekezewa. Basi wenye kanda wazitoe zihifadhiwe, na watunzi walipwe haki yao. La sivyo, wajukuu watadhani babu zao hawakuimba.