Usimikaji wa Kiotomatiki wa Mifumo ya Huduma kwa Wateja: Unavyofanya Kazi na Umuhimu Wake kwa Mwananchi

Mwananchi anapopiga simu kuulizia ankara ya maji, kutoa taarifa ya hitilafu ya umeme au kufuatilia lalamiko alilowasilisha, mhudumu anayempokea hutegemea mfumo wa kompyuta unaotunza kumbukumbu za mteja huyo: jina, namba ya akaunti, maombi ya awali na majibu aliyopewa. Mfumo wa aina hiyo hujulikana kama mfumo wa usimamizi wa uhusiano na wateja. Miongoni mwa mifumo hiyo inayofahamika duniani ni Salesforce na Microsoft Dynamics 365, ambayo hutolewa kwa teknolojia ya wingu, yaani kupitia seva za mbali zinazofikiwa kwa intaneti.

Mifumo hiyo haibaki kama ilivyosimikwa siku ya kwanza. Fomu huongezwa, ngazi za idhini hubadilishwa na viwango vya ada hurekebishwa. Kila badiliko hulazimika kusafirishwa kutoka kwa mtaalamu aliyeliandaa hadi kwenye mfumo unaotoa huduma. Kosa linalofanyika katika safari hiyo linaweza kusimamisha huduma au kupoteza kumbukumbu za mteja.

Hatari ya usimikaji wa mikono

Tukio linalotajwa mara nyingi na wataalamu kuhusu hatari hiyo ni la kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa. Mwishoni mwa Julai 2012, kampuni hiyo ilisimika programu mpya katika seva zake nane. Kwa mujibu wa matokeo ya uchunguzi wa mamlaka ya kusimamia masoko ya mitaji ya nchi hiyo, fundi alisahau kunakili programu hiyo katika seva moja, na hapakuwa na utaratibu wa maandishi uliomtaka fundi wa pili kuhakiki kazi hiyo.

Soko lilipofunguliwa tarehe 1 Agosti 2012, seva hiyo moja iliamsha programu ya zamani iliyokuwa haitumiki tena na kuanza kutuma maagizo ya hisa bila kikomo. Katika jitihada za kurekebisha tatizo, wataalamu waliondoa programu mpya katika seva saba zilizokuwa sahihi, hatua iliyozidisha tatizo. Ndani ya takribani dakika 45, kampuni iliingia katika biashara zilizoisababishia hasara ya zaidi ya dola za Marekani milioni 460. Mwaka 2013 ilikubali kulipa faini ya dola milioni 12.

Ingawa tukio hilo lilihusu soko la hisa, chanzo chake kinaweza kujitokeza katika mfumo wowote, ukiwemo wa huduma kwa wateja: kazi inayojirudia iliachwa mikononi mwa mtu mmoja na kutegemea kumbukumbu yake.

Hatua za mkondo wa usimikaji

Ili kuepuka hatari hiyo, taasisi nyingi hutumia mkondo wa usimikaji, yaani msururu wa hatua zinazotekelezwa na kompyuta kwa mpangilio uleule kila mara.

Hatua ya kwanza ni kutunza mabadiliko yote katika hifadhi ya msimbo inayoonesha nani alibadilisha nini na lini. Programu inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Hatua ya pili ni ukaguzi, ambapo mtaalamu mwingine husoma badiliko kabla halijakubaliwa.

Hatua ya tatu ni majaribio ya kiotomatiki. Salesforce, kwa mfano, hairuhusu msimbo wa Apex kusimikwa katika mfumo unaotoa huduma iwapo majaribio hayajapitia angalau asilimia 75 ya msimbo huo. Aidha, mfumo huo huwezesha usimikaji wa kuhakiki tu, ambao hupima kila kitu bila kuhifadhi badiliko lolote.

Hatua ya nne ni kusimika katika mazingira ya majaribio yanayofanana na mfumo halisi. Kwa upande wa Dynamics 365, mabadiliko hufungashwa pamoja katika faili moja, na faili hilohilo lililojaribiwa ndilo husimikwa katika mfumo halisi. Nywila hazifungashwi humo. Hutunzwa katika hifadhi maalumu ya siri na kutumika pale tu mkondo unapozihitaji.

Umbo la mfumo na taarifa za mteja

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili. Mkondo husafirisha umbo la mfumo, yaani fomu, sehemu za kujazia na taratibu. Hausafirishi taarifa za wateja, ambazo hubaki katika hifadhidata ya mfumo halisi.

Tofauti hiyo ina athari ya moja kwa moja. Badiliko la fomu likikosewa, toleo la awali linaweza kurejeshwa kwa muda mfupi. Hata hivyo, iwapo badiliko hilo limefuta sehemu iliyokuwa na namba za simu za wateja, kurejesha toleo la awali hurudisha sehemu tupu. Namba zenyewe zinaweza kupotea ikiwa nakala rudufu haikuchukuliwa kabla. Kwa sababu hiyo, mkondo ulioandaliwa vyema huchukua nakala rudufu kwanza, na kuhitaji idhini ya pekee kwa badiliko lolote linalofuta taarifa.

Wajibu wa kisheria na nafasi ya binadamu

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi kutumia taarifa binafsi kwa madhumuni yaliyokusudiwa na kuzilinda ipasavyo. Kwa msingi huo, kunakili kumbukumbu halisi za wateja na kuzipeleka katika mazingira ya majaribio, ambako huonekana kwa watu wengi zaidi, si jambo la kufanywa kwa mazoea. Njia salama ni kutumia taarifa za kubuni au zilizofichwa utambulisho.

Vilevile, mkondo wa kiotomatiki hauondoi dhamana ya binadamu. Kompyuta hunakili bila kusahau, lakini haijui kama kiwango kipya cha ada kimeidhinishwa, wala kama mabadiliko yanafaa kufanyika siku ambayo wateja ni wengi. Uamuzi huo hubaki kwa afisa mwenye mamlaka, ambaye idhini yake huandikwa katika kumbukumbu za mkondo na inaweza kukaguliwa baadaye.

Kwa mwananchi, manufaa ya utaratibu huo hayaonekani kwa macho. Huonekana pale anaporejea ofisini baada ya mfumo kuboreshwa na kukuta lalamiko lake bado lipo, likiwa na tarehe na namba ileile aliyopewa. Sheria inampa pia haki ya kuomba kuona taarifa zake zinazotunzwa na taasisi na kutaka zirekebishwe zinapokuwa na makosa, hivyo anashauriwa kutunza namba ya kumbukumbu ya kila lalamiko analowasilisha.