Upangaji Upya wa Kromatini

DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufika kama mita 2, ilhali kiini kinachoibeba hakifikii hata sehemu moja ya mia ya milimita kwa upana. Inaenea humo kwa sababu imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Histoni 8 hukaa pamoja, na kipande cha DNA chenye jozi 147 za besi (herufi za DNA) huzizunguka zaidi kidogo ya mara moja na nusu. Fundo hilo ni nyukliosomu. Mafundo yote na protini zinazoambatana nayo ndiyo kromatini. Mjerumani Walther Flemming aliipa jina kutoka neno la Kigiriki la rangi, maana chini ya hadubini ilikolea rangi vizuri. Tuliache jina lilivyo.

Kazi ya kutafuta jina iko kwenye kitendo. Seli hulegeza kromatini hapa na kuikaza pale, ili jeni hii isomwe na ile inyamaze. Kuita kitendo hicho "urekebishaji" ni kosa: hakuna kilichoharibika. Isitoshe, seli hurekebisha kwelikweli DNA iliyokatika, na mwanafunzi atachanganya mambo hayo mawili. Nasema "upangaji upya", kwa kuwa ndicho kinachotendeka. Protini maalumu, zikitumia nishati ya molekuli ya ATP, huisogeza nyukliosomu, huing'oa, au huibadilishia histoni zake. Mfuatano wa besi hauguswi.

Itazame hamira, hii hii ya maandazi. Jeni yake PHO5 hutengeneza kimeng'enya cha kujipatia fosfeti kutoka nje ya seli. Fosfeti ikiwa tele, nyukliosomu huwa zimekalia sehemu ya kuanzishia jeni hiyo. Ikiadimika, protini Pho4 huingia kwenye kiini, hujishikiza penye upenyo mdogo kati ya nyukliosomu, na kuita zile protini za kupanga upya. Nyukliosomu hung'olewa, jeni ikaanza kusomwa. Fosfeti ikirudi, nazo hurudi.

Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, nacho hutumia kromatini kujificha: kina jeni zipatazo 60 ziitwazo var. Kwa kawaida husomwa moja tu kwa wakati. Nyingine zimefungiwa katika kromatini iliyokazwa kwa alama za kikemikali kwenye histoni. Kinga ya mwili ikishaitambua protini ya jeni inayosomwa, vile vimelea vichache vilivyokwisha kuhamia jeni nyingine ndivyo vinavyosalia na kuzaana.