UZI: Wahindi, hati za ardhi na swali linalorudi kila kampeni

1/ Kila msimu wa kura lazima mtu apande jukwaani aseme Wahindi walipewa ardhi na mkoloni, irudishwe. Mwingine anamjibu kwamba walinunua kwa jasho lao. Mimi naona wote wawili wanaruka sehemu muhimu. Twende polepole.

2/ Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa 1896 hadi 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na wengi wakarudi kwao. Waliobaki ni kama 6,700. Tena wafanyabiashara Wahindi walikuwa Pwani kabla ya reli, kwa hivyo ile stori ya "wote walikuja na reli" tuiache.

3/ Mwaka 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni kule London, aliandika kuwa Wahindi wasigawiwe ardhi ya nyanda za juu. Sheria ya 1915 ikampa gavana nguvu ya kuzuia shamba kuuzwa kwa mtu wa rangi nyingine. Mzungu alipata shamba kwa miaka 999. Mhindi, hata awe na pesa mkononi, hapati.

4/ Ndiyo maana hati zao nyingi za zamani ni za ploti za mjini: ile Bazaar ya Nairobi ambayo leo ni Biashara Street, Ngara, Parklands, Kisumu. Mashamba yalikuwa sehemu chache tu, kama Kibos kwenye miwa.

5/ Lakini tusiishie hapo. Mhindi alibaguliwa, sawa, ila alikuwa na karatasi. Mwafrika hakuwa nayo. Sheria hiyo hiyo ilifanya ardhi ya Mwafrika kuwa ya Mfalme, na 1921 mahakama ikasema yeye ni mpangaji tu kwa hiari ya serikali. Mwenye hati anaiweka rehani, anapata mkopo, anapanua duka. Asiye nayo anasubiri. Pengo tunalozozania lilianzia hapo.

6/ Leo je? Katiba ya 2010, Kifungu cha 65: asiye raia anakodishiwa ardhi kwa miaka isiyozidi 99. Hakiulizi babu yako alitoka wapi, kinauliza uraia. Mkenya wa asili ya Asia ni raia kama mimi.

7/ Sasa ile mikataba ya miaka 99 ya enzi za mkoloni inaisha. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa aliyekuwa mmiliki, akiwa raia, nafasi ya kwanza, mradi ardhi haihitajiki kwa matumizi ya umma. Hapo katikati ndipo mabroka wa hati feki wanapoingia. Na yule anayepiga kelele "irudishwe" hasemi irudi kwa nani.

8/ Akija kwenu, muulize matatu: Mkataba ulianza lini? Unaisha lini? Ukiisha, ploti inaenda kwa nani? Akikwepa hilo la tatu, jua kuna mtu tayari anaimezea mate.