Kuumia uti wa mgongo: mwanaume anaweza bado kuzaa?

Goma, mtaa wa Katindo. Hapa kambi ya jeshi na hospitali ya kijeshi vinajulikana na kila mukaaji, na watu waliopigwa risasi mgongoni si habari mupya. Wengine walianguka na pikipiki, wengine waliteremka vibaya toka juu ya mti ao ya nyumba. Wanapasuliwa, sawa vile inafanyika pale CBCA Ndosho, kisha wanafundishwa kutumia kiti cha magurudumu, kama pale Shirika la Umoja. Lakini kuna ulizo moja lenye watu wanaliacha mpaka mwisho: atazaa tena? Mara nyingi familia inajibu mbele ya munganga: "Huyu amekwisha." Jibu hilo si la kweli kwa wengi wao.

Kwanza kuelewa. Kusimama kwa uume, kutoka kwa shahawa na kutengenezwa kwa mbegu ni kazi tatu tofauti. Mwanaume aliyeumia juu, kwa shingo ao kifua, anaweza kusimamisha kwa kuguswa tu, hata kama yeye mwenyewe hasikii kitu. Shida kubwa ni kutoa: karibu wanaume 9 juu ya 10 hawatoi shahawa kwa tendo la ndoa la kawaida. Mishipa inayoamuru kazi hiyo inapitia sehemu mbili za uti wa mgongo, na sehemu hizo zinapaswa kusikilizana.

Kende zenyewe zinaendelea kufanya kazi. Hesabu ya mbegu mara nyingi ni ya kawaida, ila mbegu nyingi haziogelei vizuri, na mabadiliko hayo yanaanza katika majuma ya kwanza tu kisha kuumia. Zamani watu walifikiri ni joto la kukaa siku nzima kwenye kiti. Wachunguzi walipolinganisha, mbegu zilizotolewa ndani ya mrija, mbele hazijachanganyika na maji ya shahawa, zilikuwa na nguvu zaidi. Basi maji hayo, yenye chembe nyeupe za damu nyingi, ndiyo yanazidhoofisha. Shahawa inaweza hata kuwa na rangi ya udongo. Hapo hakuna ulozi, wala kosa la bibi.

Njia ya kwanza ni mashine ndogo ya kutetemesha, inayowekwa kwenye kichwa cha uume. Ile inayofaa inatetemeka mara 100 kwa sekunde. Kwa walioumia kwenye T10 ao juu yake, inafaulu kwa zaidi ya 8 juu ya 10.

Lakini tuseme wazi: kwa aliyeumia kwenye T6 ao juu, mashine hiyo inaweza kupandisha tansio ghafla mpaka kuua. Dalili ni kichwa kuuma sana, jasho na uso kuwa mwekundu. Wakati huo unaacha mara moja na kumuketisha mgonjwa. Mara ya kwanza ifanyike mbele ya munganga mwenye kupima tansio, si nyumbani.

Kama imekubali bila hatari, wengine wanaendelea nyumbani: shahawa inapokelewa ndani ya kikombe safi, inavutwa na bomba la sindano lisilo na sindano, na kuingizwa ndani ya uke katika siku za rutuba, karibu siku 14 mbele ya hedhi inayofuata. Bibi naye apimwe. Isipofaa, kuna kuchochea kwa umeme, ao kutoa mbegu ndani ya kende na kuziunganisha na yai kwenye maabara. Hiyo inafanywa Kampala na Nairobi, na bei yake si ya kila mfuko.

Kitu ambacho kila mmoja anaweza kukifanya leo ni kulinda kibofu. Sonda inayobaki ndani miezi inaleta vijidudu, na vikifika kwenye kende vinaweza kuziba njia ya mbegu. Kujitolea mkojo na sonda safi kila saa 4 mpaka 6 ni bora zaidi, hata kama mahali ambapo maji ya bomba yanakosa ni rahisi kusema kuliko kufanya.

Dawa za kusimamisha zinazouzwa barabarani zinasaidia uume tu. Hazileti shahawa. Na kwa aliyeumia juu zinaweza kushusha tansio sana. Ukichanganya na dawa za moyo zenye nitrati ni hatari kubwa.

Mbegu zingine zinaweza kutoka bila mutu kusikia. Asiyetaka mtoto atumie uzazi wa mpango. Kwa mwanamke aliyeumia, hedhi inarudia kisha miezi michache, na uwezo wa kushika mimba unabaki kama zamani.

Siku ya kuona munganga, beba radiografi na karatasi za hospitali: mahali uti ulikatika ndipo anaanzia.