Kigali 1990: Kuwatetea Wafungwa wa Kisiasa Pasipo Mawakili



Katika toleo hili la ukumbusho tunawakumbuka watu waliowatetea wafungwa wa kisiasa wakati kufanya hivyo kulikuwa hatari. Tunaanzia Kigali.

Usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 Oktoba 1990, siku chache baada ya RPF kuvuka mpaka kutoka Uganda, risasi zililia mjini hadi alfajiri. Serikali ilitangaza kwamba adui ameingia. Baadaye ilijulikana kuwa milio ile ilipangwa na upande wa serikali wenyewe. Ukamataji ukafuata. Wanaohesabu hutofautiana, kati ya watu 8,000 na 13,000: Watutsi wengi, pamoja na Wahutu waliojulikana kuupinga utawala. Maelfu walikusanywa katika uwanja wa mpira wa Nyamirambo, wengine wakajazwa katika gereza la 1930. Kosa lao lilikuwa neno moja, ibyitso, yaani washirika wa adui. Neno hilo halikuhitaji ushahidi.

Kenya walikuwa na neno lao, Mmarksi. Mwaka 1982 wahadhiri kama Willy Mutunga, Al-Amin Mazrui, Edward Oyugi na Maina wa Kinyatti waliwekwa ndani. Mwaka huohuo kamati ya kudai wafungwa wa kisiasa wa Kenya waachiliwe iliundwa London, ikawa inachapisha habari zao ili dunia isiwasahau. Nairobi walikuwapo pia mawakili wa kwenda mahakamani, ingawa waliponzwa na kazi hiyo: John Khaminwa alizuiliwa 1982, Gibson Kamau Kuria 1987.

Kigali hata hilo halikuwapo. Nchi haikuwa na chama cha mawakili. Wale wachache waliofikishwa mbele ya Mahakama ya Usalama wa Taifa mwanzoni mwa 1991 walijitetea kwa vinywa vyao, na baadhi wakahukumiwa kifo. Hawakunyongwa. Kelele za nje zilikuwa kubwa, na kufikia Aprili 1991 wafungwa wa Oktoba walikuwa wameachiwa. Makumi walikuwa wamekwisha kufa kwa mateso na hali mbaya ya vifungo.

Kelele hizo hazikuzuka zenyewe. Lazima mtu aliye ndani ya nchi ajue nani amekamatwa, wapi, lini, kisha apitishe majina. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mashirika yaliyozaliwa wakati huo: ARDHO, ADL, Kanyarwanda na mengine. Kwa maoni yangu orodha zile zilikuwa na nguvu kuliko hotuba yoyote. Rais wa ARDHO alikuwa Alphonse-Marie Nkubito, naye, ajabu, alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali. Alitaka waliokamatwa bila ushahidi waachiwe. ADL ilikuwa na Monique Mujawamariya na padri André Sibomana, mhariri wa gazeti la Kinyamateka.

Januari 1993 mashirika haya yaliipokea tume ya kimataifa ya uchunguzi, iliyozunguka nchini wiki mbili na kutoa ripoti mwezi Machi. Tangu hapo watetezi wenyewe wakaitwa ibyitso. Novemba 1993 Nkubito alitupiwa guruneti, akanusurika. Aprili 1994 orodha zilikuwa mikononi mwa wauaji. Mujawamariya alijificha darini akaokoka. Fidèle Kanyabugoyi wa Kanyarwanda aliuawa Nyanza ya Kicukiro, pamoja na waliokuwa wamekimbilia shule ya ETO.

Julai 1994 Nkubito alifanywa Waziri wa Sheria. Magereza yakajaa tena, safari hii kwa watuhumiwa wa mauaji ya kimbari, wengi bila faili. Alilalamika juu ya watu kukamatwa ovyo, na Agosti 1995 akaondoka serikalini. Sheria ya Agosti 1996 ilimpa mtuhumiwa haki ya wakili, lakini si kwa gharama ya serikali. Hivyo kesi zilipoanza Desemba 1996 mawakili walitoka nje, hasa kupitia Avocats Sans Frontières ya Ubelgiji, wakiwatetea watuhumiwa na pia wahanga. Manusura wengi waliona uchungu kumwona muuaji akisimamiwa na wakili, na nani angewalaumu?

Sheria ya kuunda chama cha mawakili cha Rwanda ilitolewa tarehe 19 Machi 1997. Nkubito alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla.