Takwimu bima: jina la fani na shahada tunayoihitaji

Kila baada ya miaka michache mifuko ya hifadhi ya jamii nchini Tanzania hutangaza kwamba imefanyiwa tathmini ya uhai. Tathmini hiyo hueleza kama michango inayoingia leo, pamoja na mapato ya uwekezaji, itatosha kuwalipa wastaafu wa miaka thelathini au hamsini ijayo. Wanaoifanya huitwa watakwimu bima, na fani yao ni takwimu bima. Istilahi hii imeshakaa katika ofisi za bima na mifuko ya pensheni, lakini nje ya ofisi hizo wengi hudhani ni kazi ya kujumlisha hesabu za kampuni za bima. Dhana hiyo inaficha fani inayogusa mshahara, uzee na matibabu ya karibu kila mfanyakazi. Ndiyo maana chuo chochote kinachofikiria kuanzisha shahada ya takwimu bima kinapaswa kuanza kwa kuielewa istilahi yenyewe.

Kwa ufupi, takwimu bima ni sayansi ya kupima leo thamani ya malipo ya kesho yasiyo na uhakika. Kukosekana huko kwa uhakika kuna sura tatu. Kwanza, hatujui kama malipo yatahitajika: gari lililokatiwa bima huenda lisipate ajali. Pili, hatujui yatahitajika lini: kila mtu atakufa, lakini tarehe haijulikani. Tatu, hatujui yatakuwa kiasi gani: mgonjwa mmoja atatoka hospitali na dawa za siku tano, mwingine atasafishwa figo miaka kumi. Mtakwimu bima huchukua kumbukumbu za yaliyokwisha kutokea, akakadiria uwezekano wa yatakayotokea, kisha akaihesabu riba ili shilingi itakayolipwa mwaka 2050 iweze kulinganishwa na shilingi iliyo mkononi sasa. Hesabu hiyo ya kurudisha malipo ya baadaye hadi leo huitwa thamani ya sasa, na ndiyo uti wa mgongo wa fani nzima.

Fani hii ina historia ndefu. Mwaka 1693 mwanafalaki wa Kiingereza Edmond Halley alichapisha jedwali la vifo alilolitengeneza kutokana na kumbukumbu za mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Jedwali hilo lilionyesha, kwa kila umri, ni watu wangapi waliobaki hai, na Halley akalitumia kukokotoa bei ya haki ya malipo ya kila mwaka kwa mtu wa umri fulani. Huko Scotland, mwaka 1744, wachungaji Robert Wallace na Alexander Webster walisaidia kuanzisha mfuko wa wajane na yatima wa wachungaji uliojengwa juu ya hesabu za namna hiyo. Mwaka 1762 ikaanzishwa London kampuni ya Equitable, iliyotoza ada ya bima ya maisha kulingana na umri wa mwanachama. Edward Rowe Mores, mmoja wa waanzilishi wake, ndiye aliyempa ofisa mkuu wa kampuni hiyo cheo cha actuary.

Cheo hicho kilitoka katika Kilatini actuarius, yaani karani anayeandika kumbukumbu. Kwa hiyo jina ambalo Kiingereza kimelibeba kwa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini halielezi kazi yenyewe. Msomaji asiyeijua fani hawezi kuikisia kwa kulitazama jina lake.

Istilahi ya Kiswahili ina faida hapo. Bima tumeipata kutoka Uhindini, kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Takwimu limetoka katika Kiarabu taqwīm, lenye maana ya kalenda na pia ya kukadiria thamani ya kitu. Wakati na thamani ndivyo vitu viwili ambavyo mtakwimu bima huvishughulikia maisha yake yote ya kazi, kwa hiyo mzizi wa neno uliifaa fani hii tangu mwanzo. Hata hivyo, katika Kiswahili cha leo takwimu imebaki na maana ya tarakimu zilizokusanywa, kama zile za sensa, na hilo ndilo linalompoteza msomaji. Bima nayo inafinya uwanja, kwa kuwa pensheni, mikopo, mifuko ya afya na mipango ya maafa vyote vimo ndani ya fani hii.

Wapo wanaopenda kulitohoa neno la Kiingereza na kusema uakchuari au aktuaria. Utohozi unakubalika katika Kiswahili, na kwa mitihani ya kimataifa unasaidia. Lakini neno lililotoholewa lingetuletea jina lisilojieleza, na kazi yote ya kulifafanua ingebaki palepale. Wengine hupendekeza hesabu za bima, ambalo mhasibu wa kampuni ya bima anaweza kulichukua kuwa ni lake. Kwa maoni yangu takwimu bima libaki, mtaalamu wake aendelee kuitwa mtakwimu bima, na upungufu wa jina uzibwe na ufafanuzi unaofundishwa vizuri. Kamusi zetu na mitaala yetu ziandike bayana kwamba fani hii inahusu malipo ya baadaye yasiyo na uhakika, popote yanapodaiwa.

Umuhimu wa ufafanuzi huo ulionekana wazi katika mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, na kanuni mpya ya mafao ikatangazwa. Watumishi waliokuwa PSPF na LAPF walikuwa wakilipwa nusu ya pensheni yao kwa mkupuo. Kanuni mpya iliwashusha hadi asilimia 25. Walimu, wauguzi na vyama vyao walipinga kwa nguvu, na Desemba 2018 Rais John Magufuli akasitisha kanuni hiyo. Kuanzia Julai 2022 mkupuo ukawekwa asilimia 33 kwa wote, na katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

Tuitazame hesabu yenyewe. Mwalimu amechangia miezi 360, na wastani wa mshahara wake wa mwaka katika miaka mitatu bora ni Sh 12,000,000. Kanuni inagawanya mshahara huo kwa 580 na kuzidisha kwa miezi ya utumishi. Pensheni yake ya mwaka inakuwa Sh 7,448,276. Mkupuo hupatikana kwa kuzidisha kiasi hicho kwa 12.5, kisha kwa asilimia inayotumika. Kwa asilimia 33 atapata mkupuo wa Sh 30,724,138 na pensheni ya Sh 415,862 kila mwezi. Kwa asilimia 40 mkupuo unapanda hadi Sh 37,241,379, na pensheni ya mwezi inashuka hadi Sh 372,414.

Mkupuo umeongezeka kwa Sh 6,517,241, na kwa ajili yake mwalimu ameachia Sh 43,448 kila mwezi. Ukigawanya kiasi cha kwanza kwa cha pili unapata miezi 150, ambayo ni miaka 12.5 kamili. Hapo ndipo ile namba iliyozua hasira inapoonyesha maana yake. Wengi waliisoma kama utabiri kwamba mstaafu atakufa baada ya miaka 12 na nusu. Katika kanuni, 12.5 ni bei ya kubadilishana: kila shilingi ya pensheni ya mwaka unayoiachia inanunua shilingi 12.5 za mkupuo. Pensheni inayobaki hulipwa mpaka mwisho wa maisha, hata mstaafu akifika miaka 95. Anayestaafu akiwa na miaka 60 na kuishi zaidi ya miaka 72 na nusu atakuwa amepokea zaidi kwa pensheni kubwa ya mwezi, ukiacha faida ambayo angeweza kuipata kwa kuuwekeza mkupuo.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia kwamba malalamiko ya watumishi yalikuwa na msingi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF kigawanyo kilikuwa 540, kizidishi 15.5 na mkupuo asilimia 50. Mwalimu yuleyule angepata Sh 62,000,000 kwa mkupuo na Sh 333,333 kwa mwezi. Kilichopungua hakikuwa asilimia ya mkupuo peke yake: kigawanyo na kizidishi navyo vilibadilika, na thamani ya mafao yote ikashuka. Mtumishi alistahili kuelezwa hivyo waziwazi, na kuelezwa sababu. Mojawapo ya sababu hizo ni deni la watumishi walioajiriwa kabla ya mwaka 1999, ambao walilipwa mafao na PSPF ilhali miaka yao ya mwanzo haikuwa na michango. Watu walipewa namba bila maelezo, na pengo hilo likajazwa na uvumi.

Mfano wa pili ni Toto Afya Kadi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulimsajili mtoto mmoja kwa Sh 50,400 kwa mwaka, na Machi 2023 ukasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja. Sababu iliyotolewa ni kwamba wengi waliosajiliwa walikuwa watoto ambao tayari wanaumwa. Ada ya bima huhesabiwa kwa kudhani kwamba wazima na wagonjwa wamo pamoja. Wakiingia wagonjwa peke yao, ada hupanda, na inapopanda wazima waliobaki huondoka. Mtakwimu bima hutakiwa kuliona jambo hilo kabla kadi haijachapishwa. Sasa kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, makadirio ya namna hii yatahitajika kwa familia za nchi nzima.

Tanzania haianzi sifuri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Usimamizi wa Fedha vinafundisha takwimu bima, na nchini Kenya vyuo kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi, vimefanya hivyo kwa miaka mingi. Shahada mpya itastahili kuanzishwa ikiwa italeta kinachokosekana.

Msingi wa hisabati usiguswe. Mwanafunzi asome kalkulasi, aljebra, nadharia ya uwezekano, takwimu, hesabu za fedha, uchumi, modeli za uhai na programu za kompyuta. Masomo hayo yalinganishwe na mitihani ya vyama vya kitaaluma vya Uingereza na Marekani ili mhitimu aendelee mbele bila kurudia aliyokwisha kuyasoma. Kwa mitihani hiyo Kiingereza hakiepukiki.

Juu ya msingi huo ziongezwe nguzo mbili. Ya kwanza ni data ya hapa: majedwali ya vifo yanayotokana na sensa na kumbukumbu za wanachama wetu, madai ya bodaboda na mazao, afya ya watu wasio na ajira rasmi. Makadirio yanayotegemea vifo vya Ulaya yatapima vibaya maisha ya mkulima wa Songea au mvuvi wa Pemba. Ya pili ni somo la lazima la kuandika na kueleza takwimu bima kwa Kiswahili, likiwa na istilahi zilizokubaliwa: thamani ya sasa, jedwali la vifo, kizidishi, akiba ya madai, tathmini ya uhai. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aandike taarifa ya Kiswahili inayomweleza mwanachama wa mfuko au wa SACCOS jinsi fao lake linavyohesabiwa, naye atahiniwe mbele ya wasio wataalamu.

Mjumbe wa seneti atakayelipokea pendekezo la shahada hii aulize swali moja kabla ya kuipitisha: je, mhitimu ataweza kukaa na mwalimu anayestaafu, akamwonyesha kwa lugha yake jinsi Sh 43,448 kwa mwezi zilivyogeuka kuwa Sh 6,517,241, na mwalimu mwenyewe akaelewa? Mtaala ukimwezesha kufanya hivyo, upitishwe. Ukishindwa, urudishwe kwa walioandika wauongezee somo hilo.