Ukha ni Chukuchuku

Ukha ni chakula cha Warusi cha samaki wa maji baridi waliochemshwa kwa chumvi, kitunguu na pilipili manga. Kinachothaminiwa zaidi ni maji yake, ambayo lazima yabaki maangavu. Sangara mdogo wa mito ya Urusi na samaki wengine wenye miiba mingi huchemshwa kwanza, wakachujwa na kutupwa. Ndipo samaki mnono hutiwa katika maji yaleyale. Ukha ya namna hiyo huitwa ya mara mbili, na ikirudiwa, ya mara tatu.

Kwa Kiswahili mtu anaweza kuiita mchuzi wa samaki, lakini tafsiri hiyo haifai hata kidogo. Mchuzi huungwa: kitunguu hukaangwa, nyanya ikapondeka, bizari au tui likafuata, na kazi yake ni kutowelea wali au ugali. Ukha haiungwi wala si kitoweo. Mtu aliyewahi kukaa jikoni angeiona tofauti hiyo mara moja. Anayeitafsiri hivyo ni wazi hakumuuliza mpishi.

Wapo wanaotetea supu ya samaki. Hilo lina nafuu, maana supu ya mbuzi inayonywewa asubuhi kwa chapati nayo haiungwi sana. Lakini Warusi wenyewe wanalikataa. Neno lao la supu waliliazima Ufaransa katika karne ya 18, na hadi leo huitofautisha ukha na supu ya samaki, ambayo huwa na nafaka au hata samaki wa kopo. Mvuvi wa mto Volga akiambiwa ukha yake ni supu huona ametukanwa.

Neno ukha lenyewe ni kongwe kupita supu. Asili yake ni Kislavoni cha kale, nalo lina undugu na neno la Kilatini ius na la Kisanskriti yusha, yote yakimaanisha maji ya kitu kilichochemshwa. Katika Urusi ya zamani palikuwa na ukha ya kuku pia. Baadaye neno likabanwa likabaki kwa samaki tu. Mwaka 1813 mtunzi Mrusi Ivan Krylov alitoa hekaya ya Demyan, aliyemlazimisha jirani yake kula sahani baada ya sahani ya ukha hadi mgeni akatimua mbio, na tangu hapo “ukha ya Demyan” ni msemo wa Kirusi kwa ukarimu unaokera. Chakula kilichozaa msemo wa taifa zima hakistahili kutupiwa neno la kukisia.

Kiswahili kinalo neno lake: chukuchuku, yaani samaki au nyama iliyochemshwa kwa maji na chumvi, pengine na ndimu na pilipili, bila mafuta wala tui. Linataja kitendo chenyewe, yaani kupika bila kuunga. Wanaolidharau kwa kuwa ni neno la jikoni wanasahau kwamba ukha nayo ni neno la jikoni.

Maana ya chukuchuku huonekana vizuri Eliye Springs, ufukwe wa magharibi wa Ziwa Turkana. Maji ya ziwa yana magadi na huharibu ladha. Ya chemchemi zinazotoka mchangani chini ya mikoma ni matamu. Sangara mbichi akikatwa vipande pamoja na kichwa, akafunikwa kwa maji hayo na chumvi, moto hupunguzwa kabla hayajatokota kwa nguvu, povu likaenguliwa. Jicho likigeuka jeupe na vitone vya mafuta vikisimama juu, imeiva. Moto ukizidi, nyama husambaratika na maji huwa ya tope. Kosa hilohilo huiharibu ukha. Samaki mkavu anayepelekwa Lodwar na Kakuma ni habari nyingine: maji yake hayawi maangavu, na kwa kawaida huungwa.

Katika matumizi, jina la Kirusi litajwe mara ya kwanza, kisha iandikwe chukuchuku ya samaki, au ya sangara pale samaki anapojulikana. Neno mchuzi libaki kwa vinavyoungwa.